Sakafu Iliyokaushwa Juu ya Meza za Kahawa

Mama ana pumu. Naanza na hilo kwa sababu mambo mengine yote ya sakafu ile, mbao, vanishi, msasa na mabishano madogo kati yangu na mke wangu, yalitokana na hilo. Kila mwaka ukungu wa Julai uliposhuka Karurumo, kifua chake kilibana. Mara ya mwisho alifikishwa hospitali Embu kwa pikapu ya jirani, nami nikamkuta kwenye benchi ya mapokezi ameinua kidole kuniashiria nisimsemeshe, maana hakuwa na pumzi ya kunijibu. Mama ni mtu wa maneno. Kimya kile kilinitisha kuliko mluzi uliokuwa ukitoka kifuani mwake.

Kwa hiyo tulipoanza kuongeza chumba kwenye nyumba yetu ya Embu mjini, karibu na hospitali, mimi na mke wangu tulijua ni chake, ingawa yeye alikuwa hajakubali kuhama. Swali likawa akanyage nini. Daktari alikataa zulia kwa sababu linaficha vumbi. Vigae alivikataa Mama mwenyewe. Miguu yake huvimba kwa baridi, na alisema kukanyaga vigae asubuhi ni sawa na kukanyaga samaki. Simenti alikuwa nayo huko nyumbani, na kila masika ilitoa jasho hadi miguu ya kitanda ikaota ukungu. Ikabaki mbao.

Na mbao tulikuwa nazo. Mama alizaliwa upande wa Meru, akaolewa Karurumo, upande wa Embu, na alipokuja kama bibi harusi alibeba mche wa muuru ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Muuru ni mti wa kwao. Mbao yake ina rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, na kule Meru watu huitengenezea milango na vitanda. Aliupanda mwisho wa shamba la kahawa. Utotoni tulijua kwamba ng'ombe ni wa Baba na mti ni wa Mama. Baba alifariki, ng'ombe wakauzwa, mti ukabaki mpaka upepo ulipouangusha kwenye mvua moja kubwa. Mama hakulia. Alimwita mwenye msumeno wa injini, akasimamia upasuaji akiwa amejifunga leso puani, na mbao zikapangwa stoo, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa fito ili hewa ipite. Wanunuzi walikuja. Aliwaambia zina mwenyewe, bila kusema mwenyewe ni nani.

Alipokubali hatimaye kuja kukaa kwetu, sharti lake lilikuwa moja. "Nitakuja," alisema, "lakini nikanyage mti wangu."

Fundi wetu, mtu wa Karurumo aliyemfahamu Mama tangu zamani, alinieleza njia mbili za kuweka sakafu ya mbao. Ya kwanza ni kununua mbao zilizokwisha kupigwa vanishi kiwandani, zikaja ndani ya maboksi, ukazilaza chumbani na kukanyaga siku hiyohiyo. Ya pili ni kulaza mbao zikiwa ghafi, kisha kupitisha mashine ya msasa chumba kizima mpaka pawe tambarare, na mwisho kupiga vanishi humohumo ndani, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka. Yeye alipenda ya pili. Mke wangu alipenda ya kwanza. "Vumbi la msasa na harufu ya vanishi ndani ya chumba cha mtu wa pumu," aliniambia, "hebu fikiria vizuri wewe." Mimi nilifikiria muuru uliokaa stoo.

Nina tabia ya kutoamini maelezo mpaka nione kitu chenyewe, kwa hiyo nilitafuta nyumba mbili, moja ya kila njia, nikamchukua Mama twende tukazione. Niliona kwamba kifua chake kingetoa jibu la kweli kuliko sisi wote.

Nyumba ya kwanza ilikuwa hapohapo Embu, ya mwalimu anayefanya kazi na mke wangu. Sakafu yao ilitoka kiwandani. Mama alivua viatu mlangoni, akavuta hewa kwa pua kama mtu anayeonja mchuzi, akavuta tena. Hakuna kitu. Alitembea hadi dirishani na kurudi, kisha akapiga magoti, akapitisha ukucha kwenye mfereji mwembamba uliokuwa kati ya ubao na ubao. Ukucha ulitoka na makombo ya mkate.

"Hapa siafu wanaweza kufungua soko," alisema.

Mwenye nyumba alicheka kwa adabu. "Mama, kila mbao ina ukingo wake, lazima mstari uonekane. Nafagia tu."

"Na maji?"

"Maji hapana. Kitambaa chenye unyevu kidogo tu."

Mama alinitazama kana kwamba nimempeleka kwenye nyumba ya watu wasiooga. Kwetu sakafu huoshwa kwa ndoo, na mwanamke anayefuta kwa kitambaa tu husemwa. Lakini alikuwa amepumua vizuri, na nikaliweka hilo moyoni.

Nyumba ya pili ilikuwa Meru mjini, ya binamu wa upande wa Mama. Tulipita Chuka na Nkubu Mama akinionyesha nani anatoka wapi na nani alimwoa nani, bila kukatika. Binamu alikuwa amemaliza sakafu wiki chache zilizopita. Naikumbuka bado. Mbao zilikuwa kama kitu kimoja kilichomiminwa. Hapakuwa na mfereji wala mstari, mwanga wa dirisha uliteleza juu yake mpaka ukutani. Fundi alikuwa na haki ya kuipenda njia ile. Mama aliiona kutoka barazani, akasema, "Ii, hiyo ni sakafu," akaingia.

Hakufika katikati ya sebule. Alisimama, akakohoa mara moja, akashika kiti. Binamu akawa anamkaribisha shangazi yake, "Karibu tata, kaa, chai iko tayari," na Mama akainua kile kidole nilichokuwa nimekiona hospitalini. Nilimtoa nje nimemshika kiwiko. Alitumia pampu yake ya pumu, akakaa kwenye kisiki karibu na tangi la maji, macho yakimtoka. Sisi wengine tulikuwa hatusikii harufu yoyote. Binamu alikuwa karibu kulia. Alikuwa amefungua madirisha wiki nzima kwa ajili ya ugeni wetu.

Tulirudi Mama akiwa kimya kupita Nkubu na Chuka, na wale wote aliokuwa akiniambia habari zao walipita bila kutajwa. Tulipokaribia Runyenjes alisema, "Nunua zile za maboksi."

"Na muuru?"

"Muuru utatoa kabati." Aligeukia dirisha. "Kabati pia ni kitu."

Ningefurahi, kwa maana jibu lilikuwa limepatikana, na mke wangu alifurahi nilipomweleza. Lakini sikwenda dukani kesho yake, wala siku iliyofuata. Nilikuwa najua kwamba Mama akikubali jambo kwa maneno machache hivyo, huwa hajalikubali, amechoka tu. Na mtu aliyechoka anaweza kusema vilevile kwamba ameghairi kuhama, abaki Karurumo na simenti yake mpaka Julai nyingine.

Alinipigia simu siku ya soko. Hakunisalimu.

"Hebu niambie. Hao watu wa kiwandani wanapiga vanishi wapi?"

"Kiwandani, Mama."

"Najua kiwandani. Lakini si ni nje ya nyumba ya mtu? Mbao inapakwa huko, inakauka huko, harufu inaishia huko?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi si nina meza za mbuni? Ziko tupu."

Mbuni ni kahawa inayokaushwa na ganda lake, na Mama huikausha nyumbani, kwenye meza ndefu za miti na waya alizojengewa na Baba mwisho wa shamba, karibu na pale muuru uliposimama. Ulikuwa mwezi wa tatu, kahawa imekwisha, meza ziko wazi juani. Katika mabishano yetu yote ya kiwanda na nyumba, hakuna aliyefikiria kwamba ubao unaweza kupigwa vanishi shambani.

Fundi, ambaye humwita Mama shosho, yaani bibi, alipinga kwanza. "Shosho, nikizipaka kabla sijazilaza, siwezi kupitisha mashine tena. Ubao mmoja ukizidi mwingine kidogo tu, utaona mstari. Itakuwa na ile mifereji."

"Soko la siafu nitalifagia mimi," Mama alimjibu. "Wewe piga randa vizuri."

Alipiga randa vizuri. Kila ubao ulipewa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili ziumane, kingo zikalainishwa kwa mkono, na kazi yote ya vumbi ikafanyika kule chini, kwenye kibanda kilichojengwa haraka kando ya meza. Mama alikaa juu, nyumbani, umbali wa shamba zima la kahawa, upepo ukitoka kwake kwenda bondeni. Kutoka pale alipiga kelele za maelekezo ambazo fundi hakuzisikia na alizijibu zote, "Sawa, shosho!"

Mkono wa kwanza wa vanishi ulikauka bila tatizo, isipokuwa nyuki mmoja aliyenata akatolewa kwa kibanzi. Mkono wa pili ulipakwa siku ya Alhamisi. Alhamisi akina mama wa kanisa huja kusali kwa Mama, kwa kuwa hawezi kupanda ule mlima wa kanisani. Fundi alimaliza kupaka, akaenda kula Karurumo sokoni. Mimi nilikuwa juu nikitoa viti na birika la chai, na mbao zote zilikuwa zimelala kwenye meza zikimeta kama samli.

Hatukuwa tumemaliza wimbo wa kwanza tone lilipogonga bati. Lilikuwa tone moja, kisha mengine matatu manne. Masika yalikuwa yamewahi.

Mtu asiyelelewa kwenye kahawa hawezi kuelewa kilichofuata. Tone likianguka na kuna kitu mezani, watu hukimbia. Hakuna anayeuliza ni kahawa ya nani. Wimbo ulikatika katikati ya neno, na wale akina mama, wengine wamepita umri wa kukimbia, walishuka shambani na leso zao zikipepea, wakiingia stoo na kutoka wamebeba magunia ya katani. "Funika! Funika huku!" mwenyekiti wao aliita. "Wewe, shika upande ule!" Mimi nilikimbia nyuma yao nikitaka kusema kwamba ni vanishi, haijakauka, isifunikwe, na nilipofika mezani nilijikuta nina gunia mkononi na ninalitandaza.

Mvua ilinyesha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ikahamia upande wa Ishiara. Mwenyekiti alifuta uso, akatazama kazi yetu kwa kuridhika, akashika pembe ya gunia kulitoa. Gunia lilikataa. Alivuta. Likatoka polepole na sauti ya ngozi inayochunwa.

"Hii kahawa ni ya aina gani?" aliuliza.

Chini ya gunia, ubao ulikuwa umechukua sura yake yote, uzi kwa uzi, kama umefumwa. Tuliyatoa mengine. Mbao nyingine zilikuwa na alama kidogo, nyingine zilikuwa na nywele za katani zimesimama. Halafu kutoka juu nyumbani tukasikia sauti ya Mama, ambaye alikuwa ameona kila kitu kutoka barazani na hakuweza kukimbia.

Alikuwa anacheka. Nilipanda mbio nikiwa na hofu, maana kicheko pia humfunga kifua, nikamkuta amejishika mbavu, machozi yanatoka, pampu iko mfukoni na hajaigusa.

"Mmevika mti wangu magunia," alisema. "Ulikuja na mkebe, sasa umepata nguo."

Fundi aliporudi alizunguka meza zote mikono nyuma. "Nani amefanya hivi?"

"Kanisa," mwenyekiti alijibu. "Na kijana wa mwenye shamba."

"Sasa nani ataomba msamaha kwa nani?"

"Wewe ndiye uliyeacha chakula mezani bila kufunika," alimwambia, na wenzake wakacheka, na fundi akashindwa, akacheka pia.

Kilichotuokoa ni kwamba msasa ulikuwa bado nje pamoja na mbao. Kama tungekuwa tumepaka ndani ya chumba, kosa lolote lingesuguliwa mlemle, na vumbi lingebaki na Mama. Pale shambani fundi alisubiri vanishi ikauke kabisa, akasugua zile zilizoharibika, vumbi likaenda bondeni, akapaka upya chini ya turubai alilolining'iniza juu ya nguzo, lisiguse kitu. Mbao chache zilikuwa zimeshika sura ya gunia kwa undani, na alizitenga ili azirudie kwa randa.

"Ziache hizo," Mama alisema.

"Shosho, zina makwaruzo."

"Weka mlangoni, pale nitakapokanyaga nikiingia na nikitoka. Hazitelezi."

Baada ya hapo tulingoja harufu iishe, na kipimo chetu kilikuwa pua ya Mama. Mwanzoni alikuwa akiteremka hadi mstari wa kwanza wa kahawa na kurudi. Kisha akafika katikati ya shamba. Kila nilipompigia simu aliniambia amefika mti gani wa kahawa, huu uliokatwa kichwa, ule wenye kiota, na mimi na mke wangu tukawa tunaijua miti ile kama vituo vya barabarani. Siku aliyosema, "Leo nimelala juu ya meza yenyewe, na waya umenichoma mgongo," tuliagiza lori.

Sakafu ililazwa Embu kwa misumari iliyofichwa kwenye ndimi, bila gundi na bila msasa. Si sakafu ya binamu yangu wa Meru. Mistari inaonekana, na karibu na dirisha ubao mmoja umezidi jirani yake kwa kiasi ambacho fundi hukitazama kila akija na kuuma midomo. Mke wangu, aliyetaka maboksi, alitembea juu yake na soksi, akaenda, akarudi, akaniambia, "Basi, umeshinda." Nikamwambia hata mimi sikuwa nimefikiria hivyo, tumeshindwa wote wawili na mtu mmoja.

Bado hatukuwa na uhakika. Chumba kilichofungwa si shamba. Mama alikuja mwishoni mwa Juni, ukungu umeshaanza kulala juu ya mji mpaka saa nne. Aliingia na pampu mkononi. Alikanyaga zile mbao za gunia mlangoni, akazisugua kwa nyayo, akaguna. Akakaa kitandani. Sisi tulibaki tumesimama kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani, mpaka akatuambia, "Mnataka niwaimbie? Nendeni, nataka kulala."

Tulikwenda jikoni. Mke wangu alichambua mchele uliokuwa umekwisha kuchambuliwa. Mimi nilisogeza kiti karibu na korido, nikasikiliza. Niliujua mluzi ule wa kifua chake kupita wimbo wowote, na nilikuwa nautafuta katika kila kitu, katika bomba la maji, katika bawaba za mlango. Kitanda kililia mara moja. Kisha hakuna kitu. Mke wangu aliacha mchele. Alasiri ilipita nusu yake hivyo.

Halafu sauti ikaja kupitia korido nzima, kubwa, bila kituo:

"Hivi ni nani aliyepanga hizi mbao, maana huu wenye kifundo, hiki kifundo ni cha lile tawi nililokuwa naning'iniza ndizi ziive, nakijua kama uso wangu, na nyinyi mmekichukua mkakisukuma chini ya kitanda kana kwamba ni kitu cha aibu, na pazia nalo fupi, na fundi nilimwambia, niliita kutoka juu na akasema sawa shosho, kumbe hakusikia hata neno moja, njooni hapa nyote wawili!"

Mke wangu alinitazama. Alikuwa amehesabu kitu kilekile nilichokuwa nimehesabu mimi: hakuvuta pumzi hata mara moja katikati.

Tulikwenda mbio. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, pampu imesahaulika juu ya mto, kidole chake juu ya kifundo cheusi cha ubao. Nilishika kitanda upande mmoja, mke wangu akashika upande wa pili, na Mama akasimama katikati ya sakafu yake akitupa maelekezo, kulia kidogo, hapana, kulia yangu, inueni msikwaruze mti wa watu, na akaendelea kusema hata baada ya kitanda kufika pale alipotaka, nasi hatukumkatiza.